Barua ya wito isibebwe na mlalamikaji

Ndugu Mhariri,

Familia nyingi hufika ofisi ya ustawi wa jamii maji yakiwa yamezidi unga: mama ameshatolewa vyombo nje, au mtoto ana miezi hajaonekana shuleni. Wengi hudhani ustawi ni mahali pa kugawana watoto baada ya talaka. Sivyo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka yeyote anayejua kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, mavazi, matibabu au elimu atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Afisa ustawi humwita mhusika wakazungumza. Hakuna sharti kwamba ndoa iwe imevunjika kwanza.

Kasoro kubwa iko kwenye huo wito. Mara nyingi barua huandikwa, ikagongwa muhuri, halafu akakabidhiwa mama mwenyewe ampelekee mumewe. Mume anaipokea jioni, watoto wapo, anasoma "unatakiwa kufika bila kukosa", na ugomvi uliokuwa wa hela ya unga unageuka kipigo usiku huohuo. Mama harudi tena ofisini, na kwenye faili inaandikwa kuwa mlalamikaji hakuendelea na shauri. Tunaomba barua ipelekwe na mtendaji wa mtaa au mjumbe, au afisa apige simu mwenyewe. Na isomeke kuwa ni wito wa kuzungumzia matunzo ya mtoto, si "malalamiko ya mkeo".

Kikaoni, kila mmoja asikilizwe peke yake kabla hawajakaa pamoja. "Atakuwa anatoa matumizi" si makubaliano; hayo hayafiki wiki mbili. Yaandikwe: shilingi ngapi, siku gani, kwa njia ipi. Malipo ya simu ni bora, kwa kuwa ujumbe wake hubaki kama ushahidi kwa pande zote mbili. Baba wa bodaboda anayepata riziki kwa siku msimpangie laki moja ya mwisho wa mwezi, atashindwa mwezi wa kwanza tu kisha akwepe simu. Apangiwe kidogo kila wiki. Nakala ziwe tatu, za mama, baba na faili, na tarehe ya kurudi baada ya siku 30 iandikwe hapohapo.

Si kila jambo lakini ni la kusuluhishwa. Kipigo cha kujeruhi na ukatili wa kingono ni vya dawati la jinsia na watoto polisi, na hospitali. Aliyebakwa lazima afike hospitali ndani ya saa 72, maana baada ya hapo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazitolewi tena. Vikao vya ukoo na kwa mwenyekiti ndivyo vinavyokula saa hizo.

Kwa jambo lolote la mtoto, namba 116 hupigwa bure. Kata nyingi hazina afisa ustawi wake, hivyo mtendaji wa kata aandike shauri na kulipeleka halmashauri, asimwambie mama "rudi wiki ijayo". Na pale afisa anapokuja kwa zamu, siku yake ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya kata, na zahanati pia, ambako mama anaweza kuisoma bila mtu kumuuliza amefuata nini.

Mdau wa ustawi wa jamii,
Morogoro