Unaanza mionzi kabla ya upasuaji? Usinunue titi bandia bado

Juzi alikuja mteja dukani kwetu Kariakoo, hela mkononi, anataka titi bandia la silikoni, lile la kuvaa ndani ya sidiria, liwe tayari kabla hajaingia chumba cha upasuaji wa saratani ya titi. Tukamuuliza anakatwa lini. Akasema bado, anaanza mionzi kwanza hospitali ya saratani ya Ocean Road. Hela hatukuipokea.

Wengi tumezoea upasuaji kutangulia na mionzi kufuata, ili kumaliza mabaki ya seli za saratani. Ndiyo maana mgonjwa akipangiwa kinyume chake, nyumbani maneno huwa mengi: daktari kakosea, au basi hali imeshakuwa mbaya. Tunamwambia amuulize daktari wake sababu, maana zipo. Uvimbe ukiwa mkubwa, umeng'ang'ania ngozi au ukuta wa kifua, na dripu za kemo (dawa za kuua saratani) hazikuutikisa, ukikatwa hivyohivyo hautoki wote, na ngozi ya kufungia kidonda haitoshi. Mionzi inausinyaza kwanza.

Sababu nyingine ni ya wanaojengewa titi kwa nyama ya tumboni, kwani titi jipya likipigwa mionzi huweza kukakamaa na kupungua. Uingereza walilijaribu hili kwa wanawake 33 katika utafiti uitwao PRADA, uliochapishwa 2022: mionzi kwanza, kisha kuondoa titi na kujenga jingine wiki 2 hadi 6 baadaye. Matokeo yalitia moyo, ila watu 33 ni wachache. Wateja wetu sisi karibu wote ni wa ile sababu ya kwanza.

Sasa tuje kwenye nguo, ambako ndiko tunakojua zaidi. Ngozi yetu nyeusi ikipigwa mionzi haionyeshi sana wekundu. Huzidi weusi, ikakauka, halafu ikabanduka kwapani na chini ya titi, palepale sidiria inapobana. Na usidhani siku ya mwisho ya mionzi ndiyo mwisho wa kuungua, kwa sababu ngozi huendelea kuuma wiki moja au mbili zaidi ndipo ianze kutulia. Kipindi hicho waya weka kando, na lesi pia. Vaa pamba laini isiyobana. Zile tunazoshona, fundi hugeuza mshono wa kwapani ukae nje. Hazipendezi, tunakubali, lakini hazichubui. Alama za wino ulizochorwa kifuani usizisugue. Mashine inalengwa kwa hizo.

(Mtoto mkumbatie tu. Mionzi ya mashine haibaki mwilini.)

Baada ya upasuaji, mpira wa kutolea maji ukishatolewa na daktari akiruhusu, tunakupa titi jepesi la kitambaa. La silikoni lina uzito, hivyo kwa kawaida husubiri wiki 6 hadi 8, kidonda kiwe kimefunga kabisa. Aliyetanguliza mionzi huenda akangoja zaidi, kwani ngozi iliyopigwa hupona polepole. Tukikupima leo tutakuwa tumepima kifua ambacho hutakuwa nacho: uvimbe umejaa, mwili bado haujapungua wala kuongezeka kwa dawa.

Yule mteja aliondoka na sidiria mbili za pamba, saizi moja juu ya yake. Vipimo vyake tutachukua akirudi, na ajapo aje na ruhusa ya daktari.