Mgombea udiwani, hizo taa utaleta kwa hela ya nani?

Mwanangu mgombea,

Watu wa msafara wako walitaka nikuite Mheshimiwa. Nitakuita ukishaapishwa. Leo wewe ni mwanangu, nami ni mama yako muuza dagaa wa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza.

Juzi ulibahatika. Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa imelala, chanja tupu, tukawa na muda wa kukusikiliza. Lingekuwa giza, dagaa wanavuliwa, ungehutubia magunia. Ukasema utatuletea taa, utatuletea choo, utatuletea mfereji. Nilihesabu "nitawaletea" saba. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, maana kanga yako nilishaipokea. Ninayo kiunoni hata sasa ninapoandika.

Usiku usingizi ukagoma. Utaleta kwa hela ya nani? Mzigo wangu ukitoka hapa nalipa ushuru, kimashine kinatema karisiti. Nazitunza kwenye kopo la siagi, limejaa mpaka kifuniko hakifungi. Humo ndimo ilimo taa yako. Choo nacho kimo humohumo.

Mjukuu wangu alinisomea ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977: Serikali hupata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Basi niambie wewe mwenyewe unaamini nini, ilani ya chama iweke pembeni. Unaamini serikali ni baba anayerudi jioni na mkate, watoto tumpokee kwa shangwe? Au ni mtu tuliyempa hela aende sokoni, akirudi tumuulize chenji?

Nitakupima kwa jambo moja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi. Jukwaani hukuigusa. Ukishinda, utakubali majina ya vikundi vilivyopata yabandikwe ukutani ofisi ya kata, kila mpita njia asome? Sitaki "tutalifanyia kazi". Ndiyo au hapana.

Na sisi tusijifanye malaika. Mvua kubwa ikinyesha, kuna watu huku mjini wanasubiri Mto Mirongo ujae ili wautupie taka, na zote zinaishia ziwani, tunakochota na kusuuzia ndoo. Hilo ulilipita kimya. Nadhani uliogopa kura zetu. Mimi ningekuheshimu zaidi ungetugombeza palepale, kanga mkononi. Hapa ni Usukumani, sungusungu ilianzia huku miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi. Wazee hawakukaa kungoja mtu awaletee ulinzi kwa spika.

Giza likirudi nitakuwa hapa tangu alfajiri, upande wa wachuuzi wa jumla. Njoo bila msafara. Kopo nitakuja nalo.

Mama yako wa mwaloni.