Kusomea dini si kusomea upadri

Mhariri,

Binti yangu alipochaguliwa kusomea dini chuo kikuu, jamaa walimwuliza kama anataka kuwa mtawa. Jamani! Utawa una nyumba zake. Chuoni dini huchambuliwa kama historia: Mkristo anasoma tafsiri za Kurani, Mwislamu anasoma nyaraka za Paulo, na wote wanaulizwa babu zao walitambika kwa nini. Mkenya mwenzetu John Mbiti alifundisha dini Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, akazipa dini za Kiafrika heshima darasani. Leo somo la Dini ya Kikristo katika sekondari zetu lina mada ya urithi huo. Nani aifundishe, mhubiri anayeikemea kila Jumapili?

Mzazi,
Machakos