Bango la kubeti lina kibali, la mtoto lachanwa

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nikijifunza cherehani, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile habari yenu ya maandalizi ya AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyosema kwamba wageni watakapokuja wananchi waache malalamiko yao nyumbani, kwa kuwa michezo na siasa havichanganywi. Mwandishi wako aliipokea kauli hiyo kama ilivyo, akaichapa bila hata swali moja.

Sisi Watanzania ndio wa mwisho kusema maneno hayo. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, hakukimbia kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu nchi yake ilisusia. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini kwa makaburu, Kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand, na zaidi ya nchi 20 za Afrika zikafunga mizigo. Dhahabu ya mita 1500 ikachukuliwa na John Walker, wa New Zealand hiyo hiyo. Tulikubali kukosa medali ili dunia isikie, na mpaka leo tunatembea kifua mbele kwa uamuzi ule. Kama taifa zima lilikuwa na haki ya kusema la moyoni kupitia michezo, mwananchi aliyelipa kiingilio chake ananyimwa kwa hoja gani?

Nitakupa yaliyonikuta. Mwaka jana nilikwenda kuangalia fainali ya kombe moja hapa mkoani, uwanja siutaji. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Alikuwa amekata ubavu wa boksi la sabuni, akaandika kwa kalamu nene nyeusi: UWANJA WETU UMEJENGWA FREMU, TUCHEZEE WAPI? Herufi za mwisho zilibanana kwa kuwa nafasi ilimwishia. Hakumtukana mtu, hakutaja chama, hakutaja jina la kiongozi yeyote. Tulipofika langoni, mlinzi mwenye kizibao cha kung'aa akamwambia alete. Akalisoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akalikunja kwenye goti, akalichana vipande viwili na kuvitupa kwenye pipa la chupa za maji. Nikamuuliza, kaka, kosa la mtoto ni nini? Akasema mabango hayaruhusiwi. Nikamwonyesha ukuta uliokuwa mgongoni kwake, bango la kampuni ya kubeti limetandazwa kutoka kona hadi kona, na pembeni yake picha za waheshimiwa wakitukaribisha. Nikauliza, na hayo? Akasema hayo yana kibali. Nikauliza kibali kinatolewa wapi na mimi nikakiombe. Akanijibu, mama, usiniletee siasa, ingia au kaa pembeni, watu wanasubiri. Tuliingia. Yule mtoto, ambaye kwa kawaida hukauka sauti mpirani, alikaa dakika tisini hakufungua mdomo, hata goli lilipoingia hakunyanyuka.

Kijana wa miaka kumi na tano amefundishwa langoni kwamba pesa ndiyo inayoruhusiwa kuandika ukutani. Darasani anafundishwa uraia, anaambiwa ibara ya 18 ya Katiba inampa uhuru wa kutoa maoni na ibara ya 20 inampa uhuru wa kukusanyika na wenzake. Hata sheria ya polisi, kwa ukali wake wote, haisemi watu wasiandamane. Inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Mimi sijaona mahali palipoandikwa kwamba Katiba hupumzishwa siku ya mechi.

Na hilo la fremu, kwa kuwa nimeligusa, acha nilimalize. Viwanja vya wazi vya mitaani vinaliwa kimoja kimoja. Leo unaona nguzo za goli, kesho tofali, keshokutwa fremu za maduka na kufuli mpya. Wavulana wamehamia barabarani, wanakatiza mpira kila bodaboda ikipita. Wasichana wa netiboli hawana hata hiyo barabara, wamekaa nyumbani. Halafu akisikika mgeni anakuja, mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa na mama lishe wanaondolewa na masufuria yao yangali motoni. Mji huu wa Tanga ulitoa timu ya Coastal Union, bingwa wa Bara mwaka 1988. Wachezaji wale hawakuokotwa sokoni, walikulia kwenye viwanja kama hivi vinavyojengwa.

Najua nitaambiwa hata wakubwa wa dunia wana kanuni zao. Ni kweli, Olimpiki ina Kanuni ya 50 inayokataza maandamano na propaganda ya siasa viwanjani. Lakini tuangalie ilikofika. Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji weusi wa Marekani, walifukuzwa Mexico mwaka 1968 kwa kunyanyua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi. Leo chuo walichosoma, San José, kimewajengea sanamu. Beijing mwaka 2008 zilitengwa bustani tatu za kuandamania, yakapelekwa maombi 77, na hakuna hata kikundi kimoja kilichoandamana humo. Rio mwaka 2016 mashabiki walitolewa uwanjani kwa mabango ya kumpinga Temer, aliyekuwa akikaimu urais wa Brazil, jaji akaamuru waachwe, na michezo ikaendelea mpaka mwisho. Morocco, miezi michache tu kabla ya AFCON yao, vijana waliingia barabarani wakisema viwanja tunaviona, hospitali ziko wapi? Mashindano yakachezwa.

Hapa Pwani mwanamke mwenye neno lake huvaa kanga yenye jina, akapita nayo mtaani, na aliyekusudiwa akaelewa. Hatujawahi kumvua mtu kanga kwa sababu ya maandishi yake. Basi na bango la boksi tulipe heshima hiyo hiyo.

Napendekeza hivi. Bango la mkono lisizidi nusu ya kanga, lisiwe na mti wala waya, lisiwe na matusi. Likitimiza hayo, lipite. Mlinzi akiona lazima alichukue, asilichane. Aandike stakabadhi yenye jina lake, saa, na namba ya kanuni aliyoitumia, nakala moja abaki nayo na nyingine ampe mwenye bango ili ajue pa kwenda kudai. Vitabu vya stakabadhi vyenye kaboni vimejaa madukani. Na kwa sababu kadibodi huloa, mimi nitawashonea bure watoto wa mtaani kwangu vitambaa vya kipimo hicho, waandike wenyewe wanachotaka.

Mwandishi wako naye arudi kwa waliompa ile habari. Awaulize kanuni ya mabango kwa viwanja vyetu vya AFCON 2027 inasemaje, nani ameiandika, na mwananchi ataisoma wapi kabla hajafika langoni. Wakikujibu, chapa majibu yao yote. Wakikataa kujibu, chapa hilo nalo, kwenye ukurasa uleule.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga