Dada, Karama Hakupata Kujitetea

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikia sherehe ya kukuaga kazini ilifana, na kwamba wanachuo wako wa zamani walitoka mbali kuja kukutunza. Sikuja. Kadi uliyonipelekea kwa mkono wa mama niliiweka mezani mpaka siku ikapita, na kwa hilo nakuomba radhi mbele ya kila anayesoma hapa, kwa kuwa ni wewe uliyenilipia ada ya ualimu na kunifundisha kuandika andalio la somo.

Lakini siku ile ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, haijanitoka.

Unakumbuka tulikuwa na wanachuo 40 na nakala 8, zote nimezinunua kwa mshahara wangu. Niliwagawa watano watano, kila kundi na nakala yake, mmoja akiisoma kwa sauti: huyu wa kuuliza maswali, huyu wa kuchagua vifungu, huyu wa msamiati, huyu wa kuchora, huyu wa kuoanisha kisa na maisha ya kwao, na kila wiki wakibadilishana. Harvey Daniels, mtaalamu wa elimu wa Chicago, aliandika kuhusu duru za fasihi za namna hiyo mwaka 1994. Mimi nilifikishwa huko na uhaba wa vitabu. Mwishowe tukaandaa baraza la hukumu: makundi sita yakawabeba wale wajumbe sita ambao Karama, mshtakiwa, anasimulia habari zao katika utetezi wake, la saba likasimama na Karama mwenyewe, la nane na Waziri Majivuno, mshtaki wake.

Majivuno alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusoma mashtaka ulipoingia. Ulisema mtihani hauulizi maigizo, ukakitwaa kitabu mkononi mwake, ukafuta ubao, ukawaamuru wote waandike dhamira. Kijana aliyekuwa Karama alibaki amesimama, mikono imefungwa kwa kipande cha kanga, na hakuna aliyekumbuka kumfungua mpaka alipotaka kuketi akashindwa kuvuta kiti. Dada, hata Kusadikika, nchi isiyotaka kukosolewa, Karama aliachwa aseme mpaka akamaliza.

Ulikuwa na hoja, sikatai. Ulisema mmoja hufanya kazi na wanne hula alama, na ndivyo ilivyokuwa: maneno yote ya Majivuno yaliandikwa na binti mmoja, nami nikawapa wote watano alama sawa. Alikuja ofisini, akaniwekea daftari lake mezani, akatoka bila kusema neno. Tena Daniels mwenyewe, alipokitoa upya kitabu chake mwaka 2002, alionya kwamba karatasi za majukumu, zile za kumwelekeza kila mmoja kazi yake kundini, zinaweza kugeuka kazi ya kujaza tu. Nami nimewaona wa msamiati wakinakili kamusi kisha wakanyamaza kipindi kizima. Siku hizi kila mwanachuo huniandikia ukurasa wake kabla ya onyesho, na nusu ya alama hutoka humo. Ungeniambia hayo ofisini, ningeyapokea.

Sasa kwa kuwa utaitwa kukagua mazoezi ya kufundisha, nakusihi ukae kiti cha nyuma mpaka kipindi kiishe. Mwalimu mtarajiwa anayekatizwa mbele ya wenzake atakwenda kuwakatiza watoto, kwa sababu mengi ya ualimu tunayachukua kwa walivyotutendea waliotufundisha. Sisemi hivi kwa kukudharau. Sikuwahi kukudharau, hata siku nilipoomba uhamisho bila kukuaga, jambo ambalo najua umelieleza nyumbani kwa namna nyingine. Ulitaka nifanye nini? Tangu siku ile, kila nilipouliza swali, wanachuo waliutazama mlango kwanza ndipo wakanijibu.

Nilihama na nakala 7. Muhula huu tunasoma tena Kusadikika, na kundi la Majivuno linasoma kwa kuazima. Kile kitabu, kama bado unacho, mpe mama. Anakuja kwangu mwisho wa mwezi.

Mdogo wako.