Barua kwa mwanangu: kabla hujafunga hizo rimu

Neema mama,

Picha ya rimu imefika. Zinang'aa, sikatai. Unasema ni za inchi 17, upana 7J (yaani inchi 7), ofseti milimita 35, na muuzaji amekuapia kwamba "zinaingia Corolla bila shida". Kuingia zitaingia. Mimi nauliza tairi litagusa wapi ukishampakia shangazi yako na wale watoto wawili, buti limejaa, Desemba, kutoka Dar mpaka Moshi. Tairi likigusa fenda huku gari limelemewa na uko mwendo wa 80, linachunwa begani kidogo kidogo bila wewe kujua, halafu linapasuka ukiwa huko Mkomazi usiku. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mengine yanatengenezeka.

Pesa ni yako, hukumwomba mtu, na hilo nimelisema hapa nyumbani mbele ya watu. Lakini mhasibu mzima unalipa nusu kabla ya kupima?

Haya, tupige hesabu. Hiyo Corolla 110 yako inatumia tairi la 175/65R14. Ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana wake wa 175, karibu milimita 114. Zidisha mara mbili, jumlisha inchi 14 za rimu ambazo ni milimita 356, unapata kimo cha 583. Tairi jipya likae karibu na hapo, lisizidi wala kupungua zaidi ya asilimia 2. 185/55R15 inakupa 584 na nusu. 195/50R15 inakupa 576. Zote mbili zinafaa. Hiyo 205/40R17 uliyoelekezwa inafika 596, tayari imevuka, na ukuta wake ni milimita 82 tu. Shimo moja usiloliona, rimu imepinda. Na fundi akikwambia "dada, weka 195/60R15, hizo zipo tele", kataa. Hiyo ni 615. Itagusa, na tena spidomita ikisoma 50 wewe unakwenda karibu 53. Askari mwenye kamera pale kwenye kibao cha 50 hatasikiliza habari za rimu.

Kimo peke yake hakitoshi. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, kile kitovu rimu inapofungwa. Geuza rimu yako ya sasa usome nyuma yake. Tuseme ni 5.5J yenye ofseti 45. Ukifunga 7J yenye 35, ukingo wa nje unatoka milimita 29 zaidi na wa ndani unasogea 9 kuelekea shokapu. Nje, mdomo wa fenda ya nyuma utalisubiri tairi kila gari linapozama. Ndani, utakaribia kikombe cha springi ya mbele na mpira wa breki. Lakini 6J yenye ofseti 45 inaongeza milimita 6 na kidogo kila upande, basi. Ndiyo ninayotaka ubadilishane na huyo muuzaji: 15, 6J, ofseti 40 mpaka 45. Akikuletea spesa, kile kisahani cha kusogeza rimu nje, ili iachane na shokapu, rudisha. Spesa ya kubandika inakula nyuzi za stadi, zile bolti za gurudumu, na inalisukuma tairi kule kule kwenye fenda.

Springi za nyuma zimelala, na si wewe uliyezichosha. Kwa hiyo nafasi unayoiona gari likiwa tupu usiiamini.

Tundu la katikati: habu ya Toyota ndogo ni milimita 54.1. Rimu nyingi za dukani zimetobolewa 67.1 au 73.1 ili ziingie magari mengi. Dai ringi nne za kuziba hiyo nafasi, zilizoandikwa vipimo vyote viwili, cha nje na cha ndani. Bila ringi rimu inaning'inia kwenye nati tu, na utaanza kuhisi usukani unatetemeka ukifika 90, utalipia balansi mara tatu bure. Stadi ni nne, milimita 100 kutoka katikati ya moja hadi ya mkabala wake. Hapo hakuna ubishi.

Nati nazo. Uzi ni M12 x 1.5. Kama unatoa rimu za aloi za kiwandani, nati zake huenda zina shingo na washa bapa. Rimu za dukani kwa kawaida zinataka nati za koni. Bapa kwenye tundu la koni inashika kwa ukingo tu, na italegea. Izungushe kwa mkono kwanza, ihesabu: raundi nane au zaidi kabla haijakaa. Ikigoma kwenye tano, uzi haujashika vya kutosha. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, spana ya toki iwekwe Nm 103, na urudie ukishatembea kilomita 50 hivi, rimu zikiwa zimepoa. Usimwache fundi akamaliza na mashine ya upepo.

Soma ubavuni mwa tairi namba ya mzigo. 82 ni kilo 475 kwa kila tairi. Usishuke chini ya hapo. Na tarakimu nne za mwisho za ile namba inayoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hayo ya mtumba yaliyopakwa rangi nyeusi, wewe soma tarehe tu.

Sasa kabla hujamalizia nusu ya pesa. Fungeni rimu mbili, mbele moja na nyuma moja, upande ule ule. Paka chaki nene kwenye mdomo wa fenda na kwenye plastiki ya ndani. Kalisha watu watatu nyuma, weka ndoo mbili za maji kwenye buti. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, ukienda mbele na ukirudi kinyumenyume. Pita tuta polepole, kisha mara ya pili pembeni ili gurudumu moja tu lipande. Shuka utazame chaki. Ikifutika popote, rimu si zako. Upande wa shokapu kidole cha shahada kipite bila kubanwa. Usikubali "itajichonga yenyewe". Kinachochongwa hapo ni tairi, Neema.

Mama yako presha imetulia, anakunywa dawa akikumbushwa. Bomba la nyuma linavuja tena, fundi ameahidi Jumamosi. Kaka yako anataka kuuza yule ndama, nimemwambia asubiri uje. Shangazi yako si mwepesi, usimwambie nimesema, na anapenda kubeba nusu ya nyumba. Unga na mchele tunao. Mtungi wa gesi aache huko huko, hapa ipo miwili.

Baba yako