Asante dada wa maktaba, kitabu kimepatikana!

Jamani kuna dada mmoja tulikutana maktaba, jina silijui, ila popote ulipo asante sana sana. Nilikuwa namwelezea mhudumu kitabu nilichosomewa utotoni, watoto wanne na nusu ya hirizi, wakitamka lile neno la kichawi hirizi inakua inakuwa tao kubwa wanapita chini yake wanatokezea Misri ya kale, mara Babeli, mhudumu wa watu anahangaika na kompyuta haileti kitu, ndo wewe nyuma yangu kwenye foleni ukasema hicho ni The Story of the Amulet cha E. Nesbit, cha 1906. Nilitamani nikukumbatie!

Na hukuishia hapo, ukanambia ni cha tatu, mtoto aanze na Five Children and It ndo atamjua yule kiumbe wa mchangani anayetimiza matakwa, macho yake yako kwenye pembe kama ya konokono. Basi hayo macho ndo yamemmaliza binti yangu, kila usiku "mama ongeza ukurasa". Sasa tuko Babeli na maswali hayaishi, mbona wakirudi London muda haujasogea, na mi naona hapo mwandishi aliupanga uchawi wake vizuri mno.

Ungeweza kunyamaza tu ukachukua vitabu vyako ukaenda zako. Mungu akuzidishie dada, na ukiisoma hii tafadhali nitajie kingine maana kurasa zinakaribia kuisha.